Jeneza Lililopanda Ghorofani

Futi Sita hakuwa na futi sita. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na ili afikie rafu ya juu ya karakana yake ilimbidi apande kwenye kigoda. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa fundi wa majeneza, na kwa kuwa alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kuanzia utosini hadi kisiginoni kabla ya kumjibu salamu, watu wa mtaa walisema anapima. Mwenyewe alikana. "Natazama viatu tu," alisema. Hakuna aliyemwamini, na walikuwepo waliopita mbele ya karakana yake wakiwa wameinama kidogo, wasije wakapimwa wamesimama wima.

Karakana yenyewe ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo, na ukuta mmoja wa matofali kwa nyuma. Chini kulijaa maranda, na hewani muda wote palinukia mbao na gundi. Mbele, ukingoni mwa barabara, ndipo alipopanga mali yake. Kulikuwa na majeneza ya mbao nyeupe kwa wenye haraka, na mengine yaliyong'aa kwa vanishi kwa wenye nafasi. Kulikuwa na moja kubwa, lenye mishikio ya rangi ya dhahabu, ambalo halikupata kununuliwa na mtu. Hilo lilikuwa la kuvutia macho tu, kama vile kinyozi anavyochora ukutani kichwa cha kijana mtanashati wakati wateja wake wote ni wazee wenye vipara.

Mtaa ulimzoea. Watoto walicheza mchezo wa kujificha nyuma ya majeneza, na kituo cha basi cha hapo kiliitwa Majenezani, konda akiita, "Majenezani, wa kushuka!" watu wanashuka na mizigo yao bila kufikiri mara mbili. Mkewe, Mama Pacha, alikuwa na cherehani yake kando ya nguzo, na ndiye aliyeshona satini ya ndani. Alikuwa na usemi wake: "Sisi hatumwombei mtu mabaya. Tunamsubiri tu."

Kisha mtaa ukaanza kubadilika. Kibanda cha fundi baiskeli kikawa duka la mimea ya kwenye vyungu, mimea ile ile ambayo Mama Pacha alikuwa akiing'oa nyuma ya nyumba kila mvua ikinyesha. Palipokuwa na mashine ya kusaga pakawa na ukumbi wa mazoezi, ambamo watu walikimbia juu ya mitambo bila kufika popote, halafu wakapanda magari kurudi nyumba ya tatu kutoka hapo. Na ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na Futi Sita, ikaota ghorofa yenye jina la kigeni la herufi za dhahabu ambalo hakuna mtu wa mtaa aliyeweza kulitamka. Chini ya ghorofa hiyo kukafunguliwa mkahawa wenye ukuta wa kioo. Aliyekaa meza ya mbele aliyaona majeneza yote, mpaka misumari.

"Ukikaa pale na kikombe chako," alisema Mama Pacha, "unaiona safari yako yote."

Haukupita muda, akaja mwenyekiti wa kamati ya wakazi wa ghorofa ile. Alikuwa mtu mrefu ajabu, mwenye tai na sauti ya upole, na alivuka barabara kama anayevuka mto uliofurika.

"Fundi, habari za kazi?"

Futi Sita akamtazama kuanzia utosini. Ilikuwa safari ndefu. "Nzuri, ndugu yangu. Karibu. Pole sana."

"Pole ya nini?"

"Ya msiba."

"Sina msiba."

"Basi samahani. Wanaokuja hapa huwa nao."

Mwenyekiti akakohoa. Akasema amekuja kwa ujirani mwema tu, kuhusu hizi... bidhaa.

"Bidhaa zipi?"

"Hizi hapa."

"Aa, majeneza."

Mwenyekiti akakunja uso kama aliyeuma ndimu. "Hatuna ubaya na kazi yako, fundi. Kila mtu ana riziki yake. Lakini watu wanakunywa kahawa wanatazamana na mambo haya. Juzi mteja kaagiza keki, kaitazama, katazama huku, kaiacha."

"Keki yenyewe ilikuwa na nini?"

"Haikuwa na kitu!"

"Labda ndiyo maana kaiacha."

Mama Pacha akainamia cherehani yake, mabega yakimtikisika. Futi Sita, ambaye hakuwa amekusudia mzaha wowote, akamuuliza mgeni wake anafanya kazi gani. Mwenyekiti akasema yuko kwenye bima ya maisha.

"Oho!" Futi Sita akafurahi kwelikweli. "Kumbe tuko kazi moja! Nyie mnaanza, sisi tunamalizia."

Mwenyekiti hakufurahi. Hata hivyo Futi Sita hakuwa mtu wa shari. Mama yake alimlea akimwambia jirani ni nguo, ndiye anayekusitiri, na usiku ule hakulala vizuri kwa kufikiria ile keki. Asubuhi akatoa turubai kubwa la kijivu, akayafunika majeneza yote kuanzia la kwanza hadi lile la mishikio ya dhahabu, akalibana kwa mawe. Akarudi nyuma kulitazama, akaridhika.

Ikawa heri ya jana. Jeneza tupu likiwa wazi ni sanduku tu, kila mtu anaona halina mtu. Lakini majeneza yaliyolala safu chini ya turubai la kijivu, upepo ukilipuliza likashika umbo la kila moja, yalionekana kama ajali kubwa iliyotokea alfajiri. Mpita njia wa kwanza alivua kofia. Wa pili akauliza ni basi la wapi. Kufika saa nne dada mwenye mkahawa alikuwa amesimama mlangoni, mikono kichwani, maana wateja wake wawili walikuwa wanalia na hawakujua wanamlilia nani.

"Alitaka nifunike," Futi Sita akajitetea kwa mkewe. "Nimefunika."

"Umefunika," akasema Mama Pacha. "Lakini umefunika vibaya."

Mambo yalikuwa yamekwama hapo, turubai likipanda na kushuka kufuatana na malalamiko ya siku, ndipo mama yake mwenyekiti akaja kumtembelea mwanawe.

Kila mtu alimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mrefu kama mwanawe, mkavu, na alikuwa na fimbo aliyoitumia zaidi kunyooshea watu kuliko kutembelea. Mwana na mkwe wakienda kazini, yeye alibaki ghorofa ya tatu na makatazo. Usianike nguo barazani. Usifungue dirisha lile, mashine ya baridi inawaka. Usisalimie watu kwenye lifti, wanashtuka. Makatazo mengi kati ya hayo aliyatunga mwanawe, kwa wadhifa wake. Bi Mkubwa alivumilia kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo huo haukuwa mkubwa. Akashuka, akavuka barabara, akaliinua turubai kwa ncha ya fimbo.

"Nani kafunikwa humu?"

Futi Sita akaacha randa. "Shikamoo, mama. Hamna mtu, ni majeneza matupu."

"Marahaba. Sasa unayafunika ya nini, yanasikia baridi?"

Bi Mkubwa akamwamuru aliondoe turubai hilo, lisimharibie hewa, kisha akajivutia kigoda akaketi kando ya Mama Pacha kama aliyekuwa amealikwa. Tangu siku hiyo akawa wa hapo. Damu zao zilipatana, yeye na Mama Pacha. Asubuhi wakimteta huyu, jioni yule, na katikati wakimkosoa Futi Sita, ambaye kwa maoni ya Bi Mkubwa alipiga msasa kama mtu anayempapasa paka.

Siku moja, bila utangulizi, akasimama, akaegemeza fimbo ukutani.

"Nipime."

Mtu aliyesingiziwa maisha yake yote kwamba anapima watu, leo aliombwa apime, akaingiwa na haya. "Bi Mkubwa, unaumwa?"

"Mimi mzima kuliko wewe. Nipime."

"Lakini wakati wake ukifika, mwanao si yupo..."

"Mwanangu ndiye ninayemkimbia." Akakaa tena, akashusha sauti. "Marehemu mume wangu alikuwa mrefu kumzidi huyu. Siku alipofariki, mwanangu alikwenda mjini akaleta lililokuwepo. Wakamkunja magoti. Niliona kwa macho yangu. Mtu ameinama kila mlango aliopita maisha yake yote, na huko nako akainame! Sijamwambia mwanangu neno mpaka leo. Lakini na mimi ni mrefu, na mtoto ni yule yule."

Mama Pacha akaacha kushona. Futi Sita akachukua utepe wake.

Ile kazi iliwachosha kuliko kazi yoyote waliyowahi kuifanya, kwa sababu wateja wao wa kawaida hawakuwa na maoni. Bi Mkubwa aligonga kila ubao kwa kifundo cha kidole na kuunusa. Alimrudisha Futi Sita dukani mara mbili kwa ajili ya mbao. Mishikio ya dhahabu aliikataa, akasema hataki kuonekana kama anakwenda kuposwa. Alipoonyeshwa satini nyeupe akaikataa pia.

"Nyeupe inaonyesha uchafu."

"Uchafu gani huko, Bi Mkubwa?"

"Huwezi kujua."

Akachagua kitambaa cha buluu chenye maua ya manjano, na Mama Pacha akakiri moyoni kwamba kwa kitambaa kile yeye angeshona pazia.

Jumamosi mchana jeneza likawa tayari kujaribiwa. Likawekwa chini kivulini. Bi Mkubwa akavua kandambili zake, akazipanga pamoja, akaingia, akajinyoosha. Vidole vya miguu vikacheza.

"Miguuni pazuri," akatoa taarifa kutoka ndani. "Begani pananibana."

Futi Sita akaenda nyuma kutafuta patasi, ambayo kama kawaida haikuwepo ilipokuwa. Mama Pacha alikuwa ameenda kununua uzi. Kivulini palikuwa na upepo, kitambaa kilikuwa kipya na laini, na hapakuwa na katazo hata moja. Bi Mkubwa akafumba macho ajaribu na hilo. Usingizi ukampitia.

Saa hiyo hiyo mwenyekiti alikuwa anavuka barabara na kamati yake. Alikuwa ameshaliona turubai limeondoka, na uvumilivu wake nao ulikuwa umeondoka. Alikuja na mjumbe mmoja mnene, na nyuma yao dada wa mkahawa akiwa na aproni yake.

"Fundi!" akaanza kwa sauti ya mkutano. "Tumeongea kistaarabu, tumesubiri kistaarabu..."

Hapo akaziona kandambili. Alizijua. Alizinunua yeye. Macho yakatoka kwenye kandambili polepole, yakapanda juu ya ubao, yakaingia ndani.

"Mama!"

Akashikilia ukingo wa jeneza. Bi Mkubwa akafumbua jicho moja.

"Punguza sauti," akasema. "Ndio kwanza usingizi ulikuwa unanoga." Akainuka, akaketi.

Dada wa mkahawa alipiga yowe ambalo lilisikika mpaka kwenye duka la mimea. Ng'ambo, nyuma ya kioo, vikombe vilianguka. Mjumbe mnene hakusubiri maelezo. Aliondoka mbio, akapita mbele ya ukumbi wa mazoezi kwa kasi hata waliokuwa juu ya mitambo wakashuka wakaja dirishani, kumtazama mtu anayekimbia kweli.

Futi Sita akatokea nyuma na patasi mkononi. Mwenyekiti akamgeukia, machozi na hasira vikigombania uso wake.

"Umemfanya nini mama yangu?"

"Nimemtengenezea," akasema Futi Sita. "Bado begani."

"Mama, toka humo! Kuna nini? Tumekukosea nini? Unataka kufa?"

"Sitaki kufa. Nani kakwambia nataka kufa? Nataka nijue pa kulala." Bi Mkubwa akamtazama mwanawe, na ule ukali ukamtoka. Akasema taratibu, kama anayeondoa mwiba: "Baba yako ulimkunja."

Futi Sita akainama kutafuta msumari ambao haukuwa umeanguka.

"Ndilo lililokuwepo, mama," akasema mwenyekiti hatimaye. Sauti ya mkutano ilikuwa imekwisha. "Nilikuwa peke yangu. Sikujua hata niulize nini. Muuzaji ananiambia chagua, mimi natetemeka."

"Najua ulitetemeka. Mimi ndiye niliyekuzaa. Ndiyo sababu nimejichagulia mwenyewe, siku hiyo wewe ukae tu ulie kama watu." Akanyoosha mkono. "Nisaidie nitoke, mgongo umekaza."

Begani pakarekebishwa. Kulipokucha, Bi Mkubwa akatangaza kwamba mali yake haiwezi kubaki kwenye vumbi; itakaa chumbani kwake, ahifadhi mablanketi. Mwanawe alipinga, tena kwa hoja nzuri. Ndiyo maana mchana yeye na Futi Sita walijikuta kwenye lifti ya ghorofa, wanahangaika na jeneza. Wakalisimamisha, likagoma kichwani. Wakalilaza mshazari, mlango ukakataa kufunga na kengele ikaanza kulia. Ikabidi ngazi.

Jeneza hushuka ghorofani, halipandi. Kila mlango uliofunguka kidogo ulifunguka sana, kisha ukafungwa. Wenye mbwa walishika mbwa wao. Mwenyekiti alikuwa mbele, akirudi kinyumenyume, akisema "Hamna kitu, hamna kitu" kwa kila aliyemwona, na kadiri alivyosema ndivyo watu walivyozidi kuziba midomo kwa viganja. Kwenye kituo cha ngazi cha ghorofa ya pili wakalitua wapumue. Mwenyekiti akafuta jasho kwa tai.

"Fundi. Mtu aliyenizidi mimi urefu kidogo. Angehitaji kuongezewa kiasi gani?"

Futi Sita akamtazama kuanzia utosini hadi kisiginoni. Safari hii alikuwa anapima kweli, na hakukana. "Shubiri," akasema.

"Shubiri tu?"

"Shubiri."

Mwenyekiti akatandaza kiganja, akakipima juu ya ubao wa jeneza. Futi Sita alitamani kuongeza neno, lakini katika kazi yake alijifunza kwamba maneno mengi huwa ya wale ambao hawajabeba. "Tunyanyue," akasema mwenyekiti, na wakanyanyua.

Jioni hiyo wakazi wakajikusanya kwa minong'ono, wakanunua maua ya chungu kule kwenye duka la mimea, wakaenda kutoa rambirambi. Wakabisha hodi kwa heshima. Mlango ukafunguliwa na marehemu.

"Karibuni," akasema Bi Mkubwa. "Kumetokea nini, nani kafa?"

Mwenye maua akayaficha nyuma, kisha akayatoa, kisha akasema ni ya mapambo. Kwa kuwa haikuwezekana kurudi bila kueleza, wakaingia. Viti havikutosha, wawili wakakalishwa juu ya jeneza, lililokuwa bado sebuleni, limetandikwa mto, na mmoja wao hakujua amekalia nini mpaka kikombe cha pili cha chai. Waliishi ukuta kwa ukuta na hawakuwahi kuketi pamoja. Sasa waliketi mpaka chai ikaisha, wakalalamikia maji, maegesho ya magari, na jirani wa juu anayeburuta viti, naye akiwepo pale pale akisikiliza.

Suala la majeneza halikuletwa tena mezani. Dada wa mkahawa aligeuza viti vyake vikatazama ukuta wa ndani, akautundikia picha za bahari, na keki zikaliwa. Bi Mkubwa alikaa hadi akachoka na lifti, akarudi kwake. Jeneza lilisafiri nyuma ya lori dogo na yeye mbele kando ya dereva, akimhimiza apunguze mwendo, watu wasije wakadhani linatumika. Habari za mwisho ni kwamba yu mzima, na mablanketi yake hayaliwi na nondo.

Hakuna marefu yasiyo na ncha, na mtaa haukukoma kubadilika kwa sababu ya mwanamke mmoja. Mwaka haukugeuka, mwenye kiwanja alikata karakana katikati kwa ukuta wa mbao, akapangisha upande mmoja kwa kijana wa kuosha mbwa. Si utani: mbwa wa maghorofa waliletwa na magari, wakaogeshwa kwa maji ya moto, wakakaushwa kwa mashine iliyonguruma kama ndege, wakafungwa utepe shingoni. Futi Sita alivumilia juma la kwanza. La pili akaanza kugonga ukuta kwa nyundo. La tatu alivaa shati lake la kanisani, akavuka barabara, akaingia kwenye mkutano wa kamati ya wakazi, akaketi kwenye mstari wa wenye malalamiko, nyuma ya mama mmoja aliyelalamikia harufu ya vitunguu kwenye korido.

Zamu yake ilipofika, mwenyekiti alimkaribisha kwa jina la heshima, akamtaka aseme bila hofu.

"Sina ubaya na mbwa," akaanza Futi Sita, kofia mkononi. "Kila mtu na riziki yake. Lakini yale manyoya yanapita juu ya ukuta. Asubuhi napaka vanishi, napiga mkono wa kwanza, wa pili, inang'aa unajiona uso. Narudi mchana, ndugu zangu, jeneza limeota manyoya!"

Mwenyekiti alijitahidi. Alikaza midomo, akatazama dari, akauliza kwa sauti inayotetemeka kama manyoya hayo ni ya rangi gani.

"Meupe," akasema Futi Sita kwa uchungu. "Ya mawimbi."

Mama Pacha, aliyekuwa amekuja kumsindikiza na kuketi kiti cha nyuma, alicheka mpaka ikabidi atolewe nje.